Ukuta Uliolowa Mchana

Jioni hiyo Benedict alifungua kufuli la mlango wa mbele, akaingia, akasukuma komeo kwa ndani. Hakumwita mkewe kwa sauti ya chini kama walivyozoea wiki tatu zile. Alipita moja kwa moja mpaka bafuni akaweka kiganja ukutani. Verediana alimfuata nyuma akiwa pekupeku. Siku hizo hakuvaa viatu ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Umelowa mpaka nje," Benedict alisema. "Mama Balozi ameuona."

 Verediana akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasubiri kusikia mengine.

Mama Balozi alikuwa Agnesi, mjane mmoja mnene wa maungo na mchache wa maneno, balozi wa nyumba kumi, ambaye uwanja wake ulipakana na wao kwa ua wa matete. Alimsimamisha Benedict alipokuwa akirudi kazini, wakasalimiana, wakaulizana habari za mvua. Kisha akamwuliza, bila haraka, kama mkewe bado yuko Tabora kwa wifi yake. Benedict akaitikia kwamba yuko. Ndipo Agnesi alipomwonyesha ukuta wa nyuma. Mvua ingekuwa imeulowesha, alisema, maji yangeanzia chini. Huu umelowa kuanzia kiunoni, chini ya upenu, mahali ambapo mvua haifiki, na umelowa saa sita mchana wakati nyumba ina kufuli. Benedict akajibu kwamba pipa la maji linavuja. Agnesi akamtazama muda mrefu, akasema basi pipa lizibwe.

"Alisemaje hasa?" Verediana aliuliza. "Alikuwa amekasirika, au alikuwa anacheka?"

Benedict hakujua. Alikuwa karani wa ghala bandarini, mtu wa kuhesabu magunia, na nyuso za watu hazikuwa fani yake.

Verediana aliletwa Tanzania mwaka 1972, akiwa na miaka tisa. Shangazi yake alimfunga mgongoni kwa kanga ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea, wakavuka kutoka upande wa Nyanza-Lac, ng'ambo ya mpaka kulikokuwa na mauaji, ndani ya mtumbwi uliojaa watu wasiozungumza. Wazazi wake hakuwaona tena. Shangazi alipofariki, familia moja ya Waha huko Kidahwe ilimchukua, na hakuna aliyempeleka kuandikishwa popote. Alilima nao, alikandika nyumba pamoja na mabinti zao, akabatizwa kanisani kwao, na Kiha chake kikafanana na chao hadi wageni wakashindwa kumtofautisha. Benedict, kijana wa Simbo, alimwoa hapo hapo Kidahwe. Wakahamia mjini, wakajenga Gungu, si mbali na barabara iendayo Kasulu, wakapata mtoto mmoja, Recho, ambaye sasa alikuwa anasoma bweni Tabora. Kwa miaka ishirini na mitano hakuna aliyemwuliza Verediana karatasi.

Kisha vita vikazuka upya ng'ambo, wakimbizi wakamiminika kwa maelfu, na mwishoni mwa mwaka 1997 ikatoka amri kwamba kila mgeni anayeishi nje ya kambi apelekwe kambini. Watu walidhani inawahusu waliokuja jana. Malori yakapita Kidahwe. Brigita, ambaye Verediana alikua naye kwenye nyumba moja, mwenye mume Mha na watoto wanne, alipandishwa lorini akiwa na mtoto anayenyonya na sufuria moja. Mumewe alikimbia nyuma ya lori akiwashika mikono watoto watatu waliobaki, mpaka pumzi zikamwishia. Habari hizo zilimfikia Verediana kabla jua halijazama. Usiku ule ule Benedict alisema maneno ambayo hawakuyajadili tena: kesho nitatangaza kwamba umesafiri.

Hivyo Verediana akawa mtu ambaye hayupo. Asubuhi Benedict alifunga mlango kwa nje na kwenda bandarini. Mchana hakuwasha moto, asije moshi ukamsaliti. Alikula ugali baridi uliopikwa jana yake. Hakukohoa. Akisikia gari kubwa likibadilisha gia kwenye mlima, alisimama palipo katikati ya nyumba, mbali na madirisha yote, mpaka mlio upotee. Cha kushukuru kilikuwa kile chumba kidogo ambacho Benedict alianza kukifanya bafu na choo cha ndani miaka miwili nyuma. Bila hicho angelazimika kwenda choo cha uani, machoni pa kila jirani. Ila kuta zake zilikuwa matofali ya kuchoma yaliyopakwa plasta nyembamba, yenye kunywa maji kama mkate. Na yeye, kwa joto la nyumba iliyofungwa na jasho la hofu, alikuwa anajimwagia maji kila mchana.

Aliacha kuoga siku nne. Ukuta haukukauka, maana hata maji ya chooni yaliurukia. Tena sasa alikuwa ananuka, na akaanza kuogopa kwamba hata harufu itapita dirishani.

Benedict ndiye aliyeleta wazo la vigae. Mji mzima wakati ule ulikuwa unakarabati nyumba kwa ajili ya wageni wa mashirika ya misaada, na huko mtaa wa Mwanga kulikuwa na fundi mmoja, Bonifasi, aliyekuwa akibandika malumalu, kama mafundi wanavyoviita vigae, kwenye bafu la nyumba moja baada ya nyingine. Benedict aliyanunua maboksi yaliyobaki kazini kwa fundi huyo, vigae vyeupe vyenye ua la bluu, akayasukuma kwa toroli barabarani mchana kweupe. Alimsalimia kila aliyempita. Kwa kila aliyeuliza alijibu kwamba anataka mkewe akirudi akute bafu la kisasa, na kwamba kazi ataifanya mwenyewe, kwani mafundi wa siku hizi hawashikiki. Watu wakamcheka. Verediana, aliyekuwa akisikiliza kutoka nyuma ya pazia, aliona mpango una akili. Kumwita fundi ndani ya nyumba kusingewezekana, lakini mwenye nyumba akigonga ukuta wake jioni, nani atashangaa?

Jumapili Benedict akafanya kazi toka asubuhi hadi giza. Alipiga plasta, akabandika, akarudi nyuma kutazama, akabandika tena. Akawa amemaliza mistari mitano kwenye ukuta ule wa nyuma.

Jumatano saa nne, Verediana akiwa jikoni anachambua mchele, vikaanguka.

Havikuanguka kimoja kimoja. Uliporomoka mstari wote wa juu, ukavuta wa chini yake, vikapasukia sakafuni kwa kishindo ambacho kwake kilikuwa kama bati la nyumba limeng'olewa. Vumbi la simenti likatoka mpaka ukumbini. Na papo hapo, kutoka uani, ikaja sauti ya Agnesi.

"Hodi humo ndani."

Verediana alibaki na ungo mapajani. Alisikia kandambili zikizunguka nyumba, zikasimama chini ya dirisha dogo la bafu, zikatulia. Alikuwa na punje za mchele kwenye vidole na aliogopa hata kuziachia zianguke. Akilini alianza kuhesabu atachukua nini: sufuria, blanketi, picha ya Recho. Hodi haikurudiwa. Kandambili zikaondoka taratibu.

Jioni Agnesi alimngojea Benedict penye kona ya ua. Kuna kitu kimeanguka kwako, alimwambia. Benedict akasema huenda ni panya wamejaa darini.

"Panya wa nyumba hii ni wazito, Baba Recho," Agnesi alisema. Kisha akaongeza kwamba wiki hii au ijayo askari watapita mtaa huu nyumba kwa nyumba.

Walilirudia neno hilo kitandani kwa kunong'ona mpaka wakachoka. Lilikuwa onyo la jirani au la balozi mwenye daftari la wakazi? Benedict alitaka ampeleke Simbo, kwa mama yake, kabla ya mapambazuko. Verediana akamkumbusha kwamba njiani kuna kizuizi na atakapoulizwa kitambulisho hatakuwa nacho. Mwisho alisema jambo ambalo Benedict hakulitarajia.

"Vigae vyako vimeanguka kwa sababu uliviweka vikavu kwenye plasta iliyokwishakauka. Mimi nitavibandika."

Alilijua hilo kutokana na udongo. Huko Kidahwe, aliyekandika nyumba bila kwanza kuunyunyizia ukuta maji aliona udongo wake ukimeguka wiki hiyo hiyo, kwa kuwa ukuta wenye kiu huunyonya unyevu kabla udongo haujashika. Benedict alikwenda kumwuliza Bonifasi kana kwamba anauliza kwa ajili yake, na Bonifasi akacheka, akamwambia ni hivyo hivyo: plasta ya zamani ichongwe ipate meno, ukuta uloweshwe, vigae vilazwe kwenye ndoo ya maji mpaka viache kutoa mapovu. Pia asianze chini kabisa, sakafu haijanyooka. Agongomelee ubao kwa kufuata pima maji, kifaa cha kupimia usawa, mstari wa kwanza uukalie huo.

Wakagawana kazi kulingana na mlio wake. Yote yenye mlio, yaani kuchonga, kugongomelea na kukata vigae, ilifanywa jioni Benedict akiwapo, naye alijitahidi kupiga mluzi ili majirani wamsikie. Ile isiyo na mlio ilifanywa na Verediana mchana, peke yake, nyuma ya kufuli. Alichanganya simenti na mchanga uliochekechwa ndani ya karai alilolitandikia gunia chini lisikwaruze. Alipaka mgongo wa kigae, akakibana ukutani, akakisogeza kidogo kidogo kwa kiganja mpaka kikae sawa na uzi. Mafundi hugonga kwa mpini wa mwiko. Yeye alibonyeza kwa ngumi aliyoifunga kitambaa. Kila baada ya vigae viwili alisimama na kusikiliza.

Simenti ilimla vidole. Ngozi ilipasuka kwenye viungo, na kucha zikawa na rangi ya jivu. Ndoto zake nazo zikabadilika. Mwanzo aliota lori, sasa aliota ukuta unaomwaga maji usio na mwisho, naye hana kigae hata kimoja. Hata hivyo aligundua kwamba mikono ikiwa kazini, sauti za barabarani zilimfikia zikiwa zimepungua makali. Hofu haikuondoka. Ilikaa pembeni ikimtazama.

Siku ya tisa alikuwa amefika usawa wa kifua kwenye ukuta wa nyuma. Mstari ule ulikuwa umesimama juu ya ubao mwingine, lakini kwenye pembe ubao haukufika, na kigae cha mwisho kilikuwa kinaning'inia kwa nguvu ya simenti mbichi tu. Alikibana. Kikakaa. Alipotaka kuondoa mkono kikateleza nusu kidole. Akakirudisha, na wakati huo akasikia buti.

Hazikuwa za mtu mmoja. Watu waliingia uani, mmoja akatikisa kufuli la mlango wa mbele, mwingine akajaribu dirisha la chumbani. Kisha wakazunguka nyuma, kwenye kivuli, kwa kuwa jua lilikuwa kali. Verediana alisikia mgongo wa mtu ukiegemea ukuta, mbele ya uso wake, palepale alipokuwa amebana viganja. Kati yao kulikuwa na tofali moja.

Hakuweza kuachia. Angeachia, kigae kingeteleza, kingegonga ukingo wa karai, kingepasuka. Alikibana kwa viganja vyote viwili. Mabega yalianza kuuma, halafu kuwaka moto, halafu kutetemeka, na mtetemo ule ukashuka mikononi mpaka akaona kigae chenyewe kinatetemeka. Akaweka paji la uso juu yake akaongeza uzito wa kichwa. Maji ya simenti yakamchuruzika kwenye jicho. Akaliacha liungue.

Nje, mmoja wao aliomba maji ya kunywa. Akajibiwa na sauti ya kike aliyoijua kwamba anakwenda kuyaleta. Kandambili zikaenda, zikarudi. Walikunywa. Yule aliyeegemea akauliza ya nani nyumba hii.

"Ya karani wa bandari, mtu wa Simbo," Agnesi alisema. "Yuko kazini."

"Ana mke?"

"Anaye. Yuko Tabora tangu mwezi wa kumi. Mimi mwenyewe nilimsindikiza stesheni, nikambebea na kikapu."

 Mtu akaandika kitu, au labda alitafuta tu kalamu. Kisha mgongo ukabanduka ukutani, buti zikaelekea nyumba inayofuata.

Verediana hakushusha mikono. Alibaki hivyo mpaka simenti ikaanza kushika, labda nusu saa, labda zaidi. Alipojaribu kuishusha ilikataa kukunjika. Alikaa sakafuni kati ya vipande vya vigae. Hakuna aliyemsindikiza stesheni. Hakukuwa na kikapu. Agnesi alijua, na pengine alijua tangu siku ya kwanza, na alikuwa amesema uongo mbele ya askari bila sauti yake kupanda wala kushuka.

Mtu angedhani hapo moyo wake ungetulia. Haukutulia. Mpaka jana siri ilikuwa ya watu wawili. Sasa ilikuwa kwa mtu wa tatu, mwenye daftari, na Verediana hakujua atatakiwa kumlipa nini. Alimweleza Benedict usiku. Benedict alitaka kwenda kushukuru, hata na kuku. Verediana akamzuia. Kumshukuru ni kukiri, alisema, na atakayekiri hawezi kurudisha neno. Basi hawakusema kitu. Benedict aliendelea kumsalimia Agnesi penye ua na Agnesi aliendelea kumwuliza habari za Tabora.

Kuta nne zilikamilika wiki moja baadaye, na sakafu baada yake. Alipiga simenti nyeupe kwenye viungo kwa kidole, akafuta kwa kitambaa. Aliishi humo ndani miezi minne mingine. Mara mbili malori yalipita mtaani, mara moja yalisimama, na nyumba ya tatu kutoka kwao wakatolewa mzee na binti yake ambao Verediana aliwajua kwa sura. Siku hiyo alikaa bafuni kuanzia asubuhi hadi Benedict aliporudi, ameegemeza mgongo kwenye vigae, anawasikia wale wawili wakiomba waruhusiwe kufunga mlango wao.

Msako ulipopoa, walihitaji kumrudisha kutoka safari ambayo hakwenda. Benedict alimtoa kabla ya alfajiri, wakapita mashambani mpaka karibu na stesheni, akamwacha hapo na begi na debe la asali aliyoinunua sokoni. Treni ya kutoka Tabora ilipoingia, Verediana alijichanganya na abiria wanaotoka. Ngozi yake ilikuwa imekuwa nyeupe kwa kukosa jua. Watu wa mtaa walisema Tabora imempendeza.

Agnesi alikuja kumsabahi siku hiyo hiyo. Alipewa asali. Akaketi, akauliza juu ya wifi, juu ya embe za huko, juu ya mvua, na Verediana akajibu moja baada ya jingine. Wakati wa kuondoka Agnesi aliomba kuona hilo bafu ambalo Baba Recho amelitangaza mtaa mzima. Aliingia, akapitisha kiganja ukutani, akatazama vidole vya Verediana, akasema, "Ana mkono mwepesi mume wako." Akajifunga kanga, akaenda zake.

Ilipofika wakati wa kuomba kibali cha kuishi, zilitakiwa sahihi za raia wawili wanaomfahamu mwombaji. Wa kwanza alikuwa mzee wa Kidahwe aliyemlea. Wa pili alikuwa Agnesi, ambaye aliitwa na Benedict, akaja na kalamu yake mwenyewe, akaandika jina polepole kwa herufi kubwa. Kibali kilitoka baada ya mwaka na kitu. Verediana hakumwuliza kamwe kwa nini, wala Agnesi hakutoa sababu, mpaka Mungu alipomchukua miaka kadhaa baadaye. Mazishini Verediana alilia kuliko watoto wa marehemu, na watu wakashangaa.

Brigita alibaki kambini karibu miaka mitatu. Mumewe alimfuata huko na watoto, wakaishi chini ya turubai moja, na waliporudi Kidahwe shamba lilikuwa limelimwa na wengine.

Wiki moja baada ya kupata kibali, Verediana alikwenda Kibirizi kununua dagaa. Alikuwa nacho, kimekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, kimefungwa kwenye pindo la kanga. Jua lilikuwa linapiga ziwani, wachukuzi wanapita na magunia, na nyavu zimeanikwa kila upande. Mwanamke mmoja mtu mzima, aliyekuwa akianika dagaa mchangani, alimwinulia uso akamsalimia kwa Kiha, "Mwakeye," kama wanawake wa huko wanavyosalimiana tangu zamani. Neno la kuitikia, ambalo hata ng'ambo husemwa hivyo hivyo, lilimjia Verediana mpaka kwenye meno. Akaona askari mmoja amesimama penye kibanda cha chai, anakunywa, hamtazami mtu.

"Salama, mama," Verediana alijibu kwa Kiswahili. "Dagaa fungu shilingi ngapi?"

Yule mwanamke alimtazama, kisha naye akahamia Kiswahili, akamtajia bei. Verediana akachukua dagaa zake, akalipa, akarudi nyumbani kwa miguu kwa njia ya ndani isiyopitwa na magari.